Fundi wa Chokaa Tulimuuliza Mwisho

Mchanga wa kujengea, fundi anayeujua huuonja. Huchukua punje chache kwa ncha ya kidole, akaziweka ulimini, akatulia kama anayeonja mchuzi, kisha akatema na kusema ndiyo au la. Mara ya kwanza kumwona mtu akifanya hivyo ilikuwa Januari 2023, na kufikia siku hiyo shule yetu ilikuwa imeshakula zaidi ya shilingi milioni nne za ujenzi. Laiti ningeliuona ule ulimi mwaka mmoja kabla.

Shule yenyewe ni ndogo, chekechea hadi darasa la sita, upande wa bara ya kaskazini ya Mombasa, si mbali na Kengeleni. Inafuata malezi ya Rudolf Steiner, mwanafalsafa wa Austria. Mimi ni mzazi, na kwa miaka minne nimekuwa mweka hazina wa kamati ya ujenzi, kwa hiyo kila shilingi iliyopotea ilipita mkononi mwangu. Nasimulia kwa ajili ya mzazi mwingine anayekaribia kuchaguliwa kwenye kamati kama hii, hasa hapa pwani.

Tulikuwa tumekodi nyumba ya zamani ya matumbawe, kuta zake nene karibu nusu mita, yenye mwembe mkubwa mbele na kisima nyuma. Ilikuwa nzuri na ilikuwa imechoka. Mabati yalikuwa yametoboka kwa kutu, vyoo vilikuwa vitatu kwa watoto sabini, madirisha yote yalikuwa na vyuma, na milango ilifunguka kwa ndani. Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unataka milango ifunguke nje na madirisha yasiwe na vyuma, ili watoto waweze kutoka moto ukizuka. Kila nilipomwacha binti yangu asubuhi nilivitazama vile vyuma. Mwanzoni mwa 2021 tukakubaliana: tukarabati nyumba ya zamani, tuongeze madarasa mawili na vyoo, na tuutengeneze uwanja.

Baadhi ya wazazi walitaka tuhame kabisa, tununue kiwanja Mtwapa tujenge upya. Niliwaeleza kwamba hata shule ya kwanza ya Steiner, iliyofunguliwa Stuttgart, Ujerumani, Septemba 1919, haikuanzia kwenye jengo la shule. Emil Molt, mwenye kiwanda cha sigara cha Waldorf-Astoria, alitaka watoto wa wafanyakazi wake wapate elimu, akanunua mkahawa uliokuwa kilimani, ukageuzwa madarasa. Hoja hiyo iliwatuliza. Ila mimi mwenyewe sikuifikiria hadi mwisho wake: anayegeuza jengo la zamani hana budi kulijua kwanza.

Kabla hatujachora mstari mmoja, mzazi aliye wakili aliomba kuuona mkataba wa kukodi. Ulikuwa umebakiza miaka minne tu. Tulikuwa tunataka kumwaga mamilioni kwenye kiwanja ambacho mwenyewe angeweza kutuambia tuhame 2025. Ilituchukua miezi mitano ya vikao na familia yenye ardhi, chai nyingi na subira nyingi, hadi tukapata mkataba wa miaka ishirini uliosajiliwa. Hapa Mombasa, ambako watu wengi wana nyumba bila kumiliki ardhi iliyo chini yake, hilo ndilo jambo la kwanza, hata kabla ya harambee. Nenda ofisi ya ardhi, ipekue hati, jua ni nani hasa anayestahili kutia saini. Tuligundua ndugu wawili wa familia ile ambao hatukuwa tumewahi kusikia majina yao.

Msanifu wetu alikuwa kijana hodari aliyefanya kazi zake nyingi Nairobi. Michoro yake ya kwanza ilipendeza sana: vioo vikubwa, madarasa mapya yakitazama magharibi kwenye bustani. Mwalimu wa chekechea aliitazama, akanyamaza, kisha akaomba jambo moja. Tuchore madarasa yale chini, kwenye uwanja, kwa unga wa chokaa, halafu kamati nzima ije saa nane mchana tukae ndani yake kwenye mkeka. Tukaja. Hatukumaliza nusu saa. Jua la alasiri liliingia pale ambapo ukuta wa vioo ungesimama, na upepo ulikuwa unapita kando yetu bila kutugusa. Tukayageuza madarasa: kuta ndefu zikatazama kaskazini na kusini, kuta fupi mashariki na magharibi, madirisha pande zote mbili ili kaskazi na kusi zipite katikati. Kuchora upya kulitugharimu shilingi 60,000, na hakuna pesa niliyoilipa kwa moyo mweupe kama hiyo. Kama hutachukua jingine hapa, chukua hili: chora jengo lako chini, ukae ndani yake saa ya joto kali.

Mabishano ya paa yalikuwa makali zaidi. Walimu walitaka makuti, na mimi nilikuwa upande wao, kwa sababu makuti yana ubaridi na ni yetu. Aliyenigeuza ni mzazi aliyetukumbusha habari ya Steiner mwenyewe. Jengo lake kuu huko Dornach, Uswisi, Goetheanum, lilikuwa la mbao, na liliteketea usiku wa kuamkia mwaka 1923. Alipanga la pili kwa zege, akafariki 1925, likafunguliwa 1928. Yule mzazi alisema, "Mwenye mbao zake alihamia zege. Sisi tutawalaza watoto chini ya nyasi kavu?" Tukaweka mabati kwenye madarasa, na dari chini yake yenye nafasi ya hewa ya moto kutokea, kisha tukajenga baraza moja la makuti peke yake, mbali na majengo, wazi pande zote. Dari ile usiipunguze ili kuokoa pesa. Mvua ya masika ikipiga mabati matupu, mwalimu hasikiki hata akipaza sauti.

Sasa nifike palipouma.

Vibali vya kaunti, vya NEMA (mamlaka ya mazingira) na vya mamlaka ya ujenzi vilikamilika mwishoni mwa Februari 2022. Tulikuwa tumechelewa. Msimu wa kujenga hapa ni kaskazi, Disemba hadi Machi, mvua ikiwa haba. Tulijua masika inabisha hodi, lakini mkandarasi alikuwa amepatikana, bei za simiti zilikuwa zinapanda, na watoto tulikuwa tumeshawahamishia kwenye ua wa jirani chini ya hema la kukodi. Tukaanza Machi. Aprili mitaro ya msingi ikawa mabwawa. Wiki tatu tulilipa mafundi wakae chini ya turubai, na hema la watoto tukalilipia mwezi baada ya mwezi. Kuchelewa huko peke yake kulikula kama shilingi 350,000. Heri tungelisubiri hadi Disemba.

Katika haraka ile ndipo ulipochimbwa mtaro wa bomba la maji machafu kutoka vyoo vipya hadi kwenye tangi. Mchoro ulionyesha mstari ulionyooka, na mstari ulionyooka ulipita hatua nne kutoka shina la mwembe. Mlinzi wetu, mzee aliyefagia majani ya mti ule miaka kumi na saba, alimwendea msimamizi wa kazi akamwambia, "Bwana, hiyo ndiyo mizizi anayonywea." Akaambiwa aangalie lango. Akaja kwangu. Nilikuwa na simu sikioni, nikibishana na dereva wa lori la kokoto, nikamwambia nitaangalia. Sikuangalia. Jioni niliikuta mizizi minene kama paja la mtu mzima imekatwa kwa shoka, mikato yake myeupe bado inachuruzika utomvu.

Mwembe haukufa siku ile. Uliendelea kuwa kijani miezi mingi, hata ukatoa maua mengi kuliko kawaida, na mimi nikajidanganya kwamba umesamehe. Mwaka uliofuata majani yalianza kukauka kutoka kwenye ncha, tawi baada ya tawi, upande ule ule wa mtaro. Agosti 2023 tukalazimika kuukata kabla haujawaangukia watoto. Bomba linaweza kupinda kwa kuongezewa viungo na shilingi elfu chache. Kabla ya kuchimba chochote, zungushia mti kamba hadi pale kivuli chake kinapoishia, na mwambie mkandarasi kwa maandishi kwamba ndani ya kamba hakuna jembe wala lori. Na mtu anayefagia chini ya mti, msikilize.

Kosa la maji lilikuwa la siku mbili tu, lakini litatufuata miaka. Boza la maji matamu halikufika, mafundi walikuwa tayari na zege ya lenta, ule mkanda wa juu ya milango na madirisha, ya madarasa mapya, wakachota kisimani. Visima vingi vya Mombasa vina chumvi, na chetu ni kimojawapo. Chumvi ndani ya zege huvila vyuma taratibu. Chuma kikishika kutu hufura, na kikifura huipasua zege kutoka ndani. Ndiyo maana unaona majengo ya pwani yenye nguzo zilizochanika na vyuma vikitokeza kama mbavu. Mhandisi alipokuja kukagua na kuelewa kilichofanyika, alitupa chaguo: kuibomoa sehemu iliyomwagwa kwa maji yale, au kuikubali na kuihofia. Tukaibomoa, takriban mita kumi na mbili, shilingi 140,000. Usiku ule sikulala. Niliona sura za wazazi waliouza kuku na vitenge kwenye harambee. Sasa tuna tangi la kuvuna maji ya mvua, na hesabu yake ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 200 na mvua ya milimita 50 hujaza tangi la lita 10,000. Wekeni tangi mwanzo wa kazi, msingoje mwisho. Hata paa la kibanda cha vifaa linatosha kuanzia.

Halafu kuta za nyumba ya zamani. Plasta yake ya chokaa ilikuwa imebanduka hapa na pale, na sote tuliona simiti ndiyo yenye nguvu. Tukazipiga plasta ya simiti nje na ndani, shilingi 280,000, tukapaka rangi ya mafuta, tukapiga picha. Zilikuwa laini kama yai. Kufikia Novemba rangi ilikuwa imeanza kuvimba malengelenge karibu na sakafu. Ukilibonyeza moja, linapasuka, na nyuma yake kuna unga mweupe unaong'aa, mwepesi kama pamba. Niliulamba. Chumvi tupu.

Mama mmoja wa Mji wa Kale ndiye aliyetuletea fundi wa chokaa, mzee ambaye watoto walimwita Babu siku ile ile ya kwanza. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akapita moja kwa moja hadi ukutani, akaweka kiganja, kisha sikio. "Mwanangu," akaniambia, "mumemvika koti la mvua mtu anayetokwa na jasho."

Tumbawe ni jiwe lenye matundu, alieleza. Hunyonya unyevu wa ardhini, kisha huutoa taratibu kupitia chokaa, kwa kuwa chokaa nayo hupumua. Simiti huuziba. Unyevu hukwama, hutafuta pa kutokea, na popote unapotokea huacha chumvi, nayo chumvi ikikauka husukuma kila kilicho mbele yake. Hakuna rangi ya dukani inayoshinda jambo hilo. Nikamuuliza kwa nini hakuna aliyetuambia. Akasema anakaa mwendo wa matatu moja kutoka hapa na hakuna aliyemuuliza.

Kuibandua ile simiti kulitugharimu shilingi 190,000, na kila kipande kilichoanguka kiling'oa tumbawe kidogo. Kisha kukaja chokaa, shilingi 460,000, na subira ambayo sikuwa nayo. Chokaa hailazimishwi. Hupigwa tabaka jembamba, hufunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa ili isikauke kwa pupa ikapasuka, huachwa ikapumzika, ndipo tabaka jingine. Ndipo pia nilipomwona Babu akionja mchanga. Lori la kwanza alilirudisha.

Hapa kuna jambo lazima niliseme waziwazi ingawa bado linanitetemesha. Katika shule za Steiner, watoto wa darasa la tatu, wenye umri wa miaka tisa hivi, huwa na kipindi cha kujenga nyumba. Tuliona Mungu ametuletea somo mlangoni. Tukawaruhusu wasimame karibu na shimo ambamo chokaa iliyotoka tanuri ilikuwa inazimwa. Chokaa hiyo ikikutana na maji huchemka kwelikweli, hutoa mvuke na kurusha matone. Tone moja likamwingia mvulana jichoni. Babu alimbeba hadi kwenye tangi akammwagia maji matamu mfululizo, jicho likiwa limefunguliwa kwa vidole, huku mtoto analia na mimi nalia, naye hakuacha hadi gari lilipokuwa tayari. Hospitalini daktari alisema maji yale ndiyo yaliyoliokoa jicho. Limepona kabisa. Kuanzia siku hiyo kuzima chokaa kulifanywa Jumamosi, bila mtoto yeyote, mafundi wakivaa miwani, ndoo za maji safi zikiwa kando. Watoto walipewa chokaa iliyokwisha kulala wiki kadhaa, mawe madogo na glavu, wakajenga ukuta wa bustani wenye urefu wa magoti. Mama wa yule mvulana aliendelea kumleta shule. Sijui kama mimi ningeweza.

Wadogo wa chekechea hawakupewa kazi yoyote, na ndio waliojifunza zaidi. Steiner alishikilia kwamba kabla ya miaka saba mtoto hujifunza kwa kuiga kile anachokiona watu wazima wakikifanya. Tulipowaweka mafundi wa kukimbizana na kutukanana, mchezo wa watoto ulikuwa kukimbizana na kutukanana. Babu alipokuja, nikawakuta wanne wamechuchumaa kwenye baraza, kila mmoja na kipande cha mbao, wakiupapasa ukuta polepole, juu chini, juu chini, kimya. Ukichagua fundi wa shule, mtazame anavyozungumza na msaidizi wake.

Rangi zilitupatanisha. Kwa desturi ya shule hizi, madarasa ya wadogo hupakwa rangi za joto, wekundu wa waridi, na kadiri watoto wanavyokua rangi huenda kwenye manjano, kijani hadi buluu, zikipakwa tabaka nyembamba sana zinazoachia mwanga upenye. Walimu walikuwa wamekadiria rangi ya kuagiza kutoka Ulaya, bei yake sitaki kuitaja. Babu aliuliza wanataka nini hasa. Walipomwonyesha picha, akaleta ndoo ya maji ya chokaa, akachanganya udongo mwekundu, akapaka mkono mmoja mwepesi, tukangoja, akapaka wa pili. Mwalimu wa darasa la kwanza alishika mdomo. Buluu ilitusumbua kwa sababu chokaa huua rangi nyingi, na zile za udongo ndizo zinazoivumilia bila shida. Darasa la sita wana manjano badala ya buluu, na hawajalalamika.

Uwanja tuliudharau hadi mwisho, na pesa zilikuwa zimekwisha. Mafundi walituachia ardhi iliyoshindiliwa na malori, iliyojaa vipande vya simiti. Tulipanda miche ya shilingi 25,000, ikafa yote. Tukawapeleka watoto Haller Park, Bamburi, pale ambapo Rene Haller alianza mwaka 1971 kupanda miti kwenye machimbo ya simiti yaliyokuwa jiwe tupu. Mivinje ilishika, lakini majani yake yaliyoanguka hayakuoza, hadi walipoletwa majongoo wakayala na kuyageuza udongo. Watoto walirudi wakitafuta majongoo chini ya kila jiwe. Nasi tukaacha kununua miche, tukaanza kurundika majani, maganda ya madafu na samadi, mwaka mzima. Novemba 2023, zilipokuja zile mvua kubwa zilizofurisha mitaa mingi ya Mombasa, sehemu yenye marundo iliyanywa maji. Ile iliyobaki ngumu iliyapeleka hadi kizingiti cha darasa la pili.

Tulikisia shilingi milioni 4.2. Tumetumia milioni 6.35. Harambee na michango ya wazazi haikufika nusu, na mkopo wa sacco tunaulipa hadi leo, shilingi 38,000 kila mwezi. Familia tatu ziliondoka katikati ya kazi kwa kuchoshwa na hema, na mojawapo ilikuwa ya rafiki yangu wa karibu. Kama ningeanza upya ningeweka robo nzima ya makisio kando kwa yasiyotarajiwa, nisingemlipa mkandarasi sehemu yoyote kabla mhandisi hajaikagua, na kikao cha kwanza kabisa ningekifanya chini ya mwembe, mlinzi akiwa kiti cha mbele.

Shina lake tumelipasua mbao. Zimeegeshwa kwenye baraza la makuti, zinakauka, na darasa la tano wanabishana kama ziwe benchi au meza.

Umebaki ukuta mmoja wa magharibi, bado umevaa simiti, na malengelenge yake yamefika usawa wa dirisha. Babu hapandi ngazi tena. Huletwa na mjukuu wake, tunamwekea kiti kivulini, naye huelekeza kwa fimbo yake wapi pagongwe na wapi paachwe. Wiki iliyopita niliwauliza tuanze lini, kwa kuwa pesa kidogo imepatikana. Mjukuu alifungua mdomo kunijibu, kisha akageuka akamtazama babu yake.

"Mpaka kaskazi ianze," mzee akasema.

Tunangoja.